Doa Lisilouma

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba somo la afya, na nadhani alitarajia niandike juu ya kupiga mswaki. Hayo mnayajua. Mimi nimefanya kazi ya meno kwa zaidi ya miaka thelathini, na jambo nililoliona likipuuzwa kuliko yote si jino bovu, maana mwenye jino linalouma huja mwenyewe mbio usiku wa manane. Linalopuuzwa ni doa lisilouma.

Nianze nyumbani kwetu, hapa hapa Kibuli, chini ya kilima. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa pwani, na alipohamia Kampala alikuja na kijaluba chake cha tambuu. Ndani yake mlikuwa na majani, popoo zilizokatwakatwa, chokaa, katu na tumbaku kidogo. Baada ya sala ya magharibi alikaa barazani na jirani yetu, mama wa Kihindi, wakatafuna na kuzungumza mpaka isha. Hayo yalikuwa kabla ya mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa nchini. Sisemi haya ili kuidharau ada ya wazee wetu. Tambuu ni heshima ya mgeni, na baraza ile ilikuwa na raha ambayo sijaiona tena.

Kitu cha kwanza alichokiacha bibi kilikuwa pilipili. Alisema inamchoma, hata ile ya kwenye mchuzi wa watoto. Kisha akaacha nyama ya kuchoma. Siku moja nilimletea embe, akaniambia, "Mjukuu wangu, nikatie vidogo vidogo. Kinywa changu kimekuwa mlango wenye kutu." Tulicheka sote, na yeye alicheka pia, lakini meno yake hayakuachana zaidi ya upana wa kidole kimoja. Tuliona ni uzee. Baadaye akapata kidonda ndani ya shavu, na kwa kuwa hakikumwuma hakuna aliyeuliza habari zake. Kilipoanza kuuma, mitoki ya shingo ilikuwa imekwisha vimba na kuwa migumu kama kokoto. Tulimzika mwaka ule ule.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisomea kazi yangu, nilikuta katika kitabu habari hii: mwaka 1952 daktari mmoja aitwaye Schwartz alieleza juu ya wanawake watano wa Kihindi waliokaa Kenya, ambao ngozi ya ndani ya vinywa vyao ilikuwa imekakamaa. Mwaka 1953 Joshi, huko Bara Hindi, akaeleza maradhi hayo hayo. Nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimesoma habari za baraza yetu.

Sasa tuone mambo yanavyokwenda. Mkosaji mkuu katika maradhi ya bibi ni popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku. Ndani ya popoo mna kitu kiitwacho arekolini, ambacho huchochea nyama ya kinywa kutengeneza nyuzi ngumu kupita kiasi, na vitu vingine vilivyomo huzuia nyuzi hizo zisiyeyuke. Basi shavu hugeuka kovu: huwa jeupe, gumu, lisilonyumbulika. Mtu akiacha popoo kovu halirudi kuwa laini, ila huenda lisizidi kuwa baya. Watu 66 wenye maradhi haya walifuatwa kwa miaka 17 huko Kerala, na 5 kati yao walipata saratani. Mwaka 2003 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walikata shauri kwamba popoo yenyewe husababisha saratani kwa binadamu.

Lakini najua vijana wengi wanaosoma gazeti hili hawajapata kushika kijaluba. Kwa hiyo nije kwenye doa jeupe, ambalo madaktari huliita lukoplakia.

Kila mmoja wenu aliyewahi kulima shambani anajua sugu. Jembe likisugua kiganja, ngozi hujikinga kwa kuwa nene. Ngozi ya kinywa nayo ikichokozwa kila siku na moshi au tumbaku hufanya vivyo hivyo, na kwa kuwa daima imelowa mate, unene ule huonekana mweupe. Mpaka hapo ni sugu tu. Hatari iko chini yake. Ngozi hiyo imejengwa kwa chembe zilizopangwa safu juu ya safu. Za chini huzaana, hupanda juu, huzeeka, humwagika. Tumbaku huharibu maandishi yaliyo ndani ya chembe, yale yanayoiambia lini izae na lini ikome. Chembe zilizopoteza maandishi yao huanza kuzaana ovyo, kubwa na ndogo, zikipandiana. Maadamu zimo juu ya utando ule mwembamba unaotenga ngozi na nyama, hiyo bado si saratani. Siku zikiutoboa utando na kuingia katika nyama, ndiyo.

Kati ya hatua hizo mbili mara nyingi hupita miaka, na miaka hiyo ndiyo nafasi ya mtu.

Si kila doa hufika huko, na sipendi kuwatisha watu bure. Kwa hesabu inayotumiwa sana, katika watu 100 wenye lukoplakia, mmoja au wawili hupata saratani kila mwaka. Wengi hawapati kamwe. Lakini madoa hayalingani. Lililo sawasawa na laini lina hatari ndogo. Lenye mabaka mekundu, au vinundu, au lililo ubavuni mwa ulimi au chini yake, lina hatari kubwa zaidi. Na doa jekundu tupu, laini kama mahameli, ndilo baya kupita yote: likikatwa na kupimwa, mara nyingi saratani imo tayari. Jambo jingine huwashangaza watu. Mtu asiyevuta wala kutafuna, akiwa na doa jeupe lisilo na sababu, hatari yake huwa kubwa kuliko ya mvutaji. Kwa hiyo asiye na kosa asijidanganye.

Watu wa Kampala wakisikia saratani ya kinywa humkumbuka Burkitt, yule daktari wa Mulago aliyeona watoto wenye taya zilizovimba mwaka 1957. Hayo ni maradhi mengine kabisa, hayaanzi na doa. Vile vile utando mweupe wa kuvu, tunaouona kwa watoto wachanga na kwa watu wenye UKIMWI, si huu ninaousema. Utando wa kuvu ukiukwangua kwa kitambaa hutoka. Lukoplakia haitoki.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja, aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala maisha yake yote. Ili asisinzie usiku aliweka tumbaku kati ya shavu na ufizi, upande wa kushoto. Tulipokutana katika mkutano wa wanafunzi wa zamani alicheka sana kwa hadithi fulani ya mwalimu wetu wa hesabu, nami badala ya kucheka nikaona ndani ya kinywa chake. Nilimvuta kando. Akaniambia, "Bwana wewe, hata sherehe unaifanya zahanati? Haliniumi." Nikamjibu kwamba la bibi yangu nalo halikumwuma. Alimjua bibi, alikula kwake mara nyingi. Alinyamaza.

Wiki ile ile alikuja. Doa lilikuwa na upana wa ukucha wa kidole gumba, jeupe, lenye mikunjo, na pembeni paka jekundu. Tulimpeleka akakatwa kipande kidogo kama punje ya mchele, kwa sindano ya ganzi, kazi ya robo saa. Kusubiri majibu kulimsumbua kuliko kisu.

Wakati yeye anasubiri, niwaambie vijana jambo moja. Tangu Mei 2016 sheria ya Uganda inakataza kuuza tumbaku ya kutafuna na shisha pia, na sigara haziuzwi kwa mtu aliye chini ya miaka 21. Hata hivyo vipaketi vya Kuber vimepata kuuzwa kwa siri kwenye vituo vya bodaboda, na wauzaji huwaambia wateja kuwa ni kitu cha kuburudisha kinywa tu. Ni tumbaku. Kwa upande wa pili, huko Githongo, Meru, miaka ya 1990, watafiti wa Kenya waliwachunguza watu wanaovuta sigara na kiraiku, yaani tumbaku ya shamba iliyosokotwa kwa mkono, wakaona kwamba walioacha hatari yao ya kupata doa jeupe ilipungua. Doa la tumbaku, tofauti na kovu la popoo, laweza kufifia lenyewe.

Simameni mbele ya kioo penye mwanga. Vuteni midomo, mashavu yote mawili, toeni ulimi na kuukunja juu, kisha kulia na kushoto. Kitu cho chote cheupe, chekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, kionyesheni kwa daktari wa meno hata kama hakiumi.

Majibu ya rafiki yangu yalisema chembe zimeanza kupotoka, lakini utando haujatobolewa. Doa likakatwa lote. Tumbaku ameiacha, ingawa ananung'unika kwamba barabara ya Mombasa sasa ni ndefu mno. Huja kila miezi sita. Safari iliyopita aliingia chumbani mwangu akafungua kinywa kabla hajanisalimu, na vidole vyangu vitatu viliingia bila ya shida.