Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, fungua daftari kwanza

Somo la leo ni kwa wenye kazi ya ofisini na biashara ya mtandaoni pembeni, wale ambao kila Jumapili jioni wanajiuliza: niache kazi nifanye ninachokipenda, au nibaki?

Mimi niliacha. Nina elimu ya kidato cha nne, nilikuwa karani kwenye ofisi moja hapa Moshi mjini, na jioni nilikuwa nauza nguo za watoto za mtumba kwa WhatsApp. Leo nina fremu yangu. Kwa hiyo sitakuambia biashara hailipi. Ila pia sitakuambia "ruka tu, njia itafunguka", maana wanaosema hivyo huwa hawapo siku mwenye nyumba anapodai kodi.

Swali la kama una moyo au huna liweke pembeni. Jiulize hivi: biashara yako inaweza kukulipa mshahara, hata mwezi mbaya? Jibu lake liko kwenye daftari.

Nitawapa mfano wa mwenzangu mmoja, kaniruhusu niueleze bila jina. Ni mhudumu wa mapokezi, anauza nguo za watoto kama mimi, mzigo anachagua Memorial na Kiboriloni. Mwishoni mwa Januari mwajiri alimpa mkataba mpya, asaini ndani ya wiki moja. Akanijia: "Dada, mimi sisaini. Biashara inanipa laki tano kwa mwezi, mshahara mkononi laki nne. Nabaki kufanya nini?" Nikamwambia sawa, ila tukae na daftari kwanza.

1. TAFUTA FAIDA YA KWELI

Laki tano yake ilikuwa hivi: aliuza 1,100,000, mzigo alinunua kwa 640,000, ikabaki 460,000. Yeye akaizungushia kuwa laki tano. Lakini hiyo bado si faida. Tukatoa vitu ambavyo wengi hatuandiki:

- Boda na kutuma mizigo kwa basi: 70,000
- Bando na vocha: 30,000
- Kufua, kupiga pasi na mifuko: 25,000
- Makato ya kutuma na kutoa hela kwenye simu: 20,000
- Nguo zilizoganda akauza kwa hasara: 45,000
- Madeni ambayo hayalipiki tena: 40,000

Jumla 230,000. Kwa hiyo iliyobaki ni 230,000, nusu kamili ya ile aliyokuwa anaiona. Na hapo hatujaweka fremu, wakati yeye alitaka akiacha kazi apange fremu mjini, ambapo mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

2. KAZI INAKULIPA ZAIDI YA UNACHOSHIKA MKONONI

Watu tunalinganisha faida ya biashara na hela inayoingia benki. Hapo unajipunja. Mshahara wake wa mkataba ni 480,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu anakatwa mfanyakazi na nusu anaweka mwajiri. Kwake yeye mwajiri anaongeza 48,000 kila mwezi, hela ambayo hajawahi kuishika lakini ni yake ya baadaye. Tayari tuko kwenye 528,000, na bado hatujagusa bima.

Bima ndiyo iliyomnyamazisha. Mama yake yuko Kibosho, ana presha, na kadi anayotibiwa nayo imetokana na kazi ya binti yake. Nilimuuliza: dawa za mama kwa mwezi ni shilingi ngapi ukilipa taslimu? Hakujua, maana hajawahi kulipa. Nikamwambia kabla hujaamua chochote nenda duka la dawa na karatasi yake uulize bei. Alikwenda. Hiyo bei ni yake na mama yake, sitaiandika hapa, ila alirudi amepoa.

Na wewe andika: bima yako inahudumia nani na nani? Ikikatika leo, nani anaumia?

3. ANGALIA KAMA KAZI NDIYO INAYOILISHA BIASHARA

Hapa wengi hawaangalii kabisa. Orodhesha wateja wako wa miezi mitatu iliyopita, kisha weka alama kwa kila mteja uliyempata kwa sababu ya kazi. Wafanyakazi wenzako, wateja wa ofisi, dada wa ofisi ya jirani. Mwenzangu alikuta kama theluthi moja ya wanunuzi wake ni watu wa palepale kazini, wanaolipa mwisho wa mwezi. Ukiondoka, baadhi yao utaondoka nao na baadhi watabaki.

Jiulize tena: mzigo wa mwezi mbaya unaongezea kwa hela gani? Kama ni mshahara, basi mshahara ni sehemu ya mtaji wako. Ukiukata, umekata mtaji.

4. USIJIPIME KWA DESEMBA

Zile 1,100,000 zilikuwa mauzo ya Desemba. Wote wa huku tunaijua Desemba ya Kilimanjaro. Watu wanapanda kutoka Dar na kwingineko, barabara ya Moshi imejaa magari, kila mtoto anataka nguo ya Krismasi. Mwezi huo hata asiyejua kuuza anauza. Inafuata Januari ya ada na sare za shule, simu kimya. Halafu masika, Machi mpaka Mei: njia za Kibosho, Uru na Old Moshi zinateleza, boda anapandisha bei, mteja anasema "nitachukua mvua ikikata".

Biashara ipime kwa mwezi wake mbaya. Mwezi mzuri ukija, hiyo ni hela ya kuweka akiba.

5. JARIBIO LA MIEZI MITATU

Hili nililifanya mwenyewe kabla sijaacha. Kwa miezi mitatu mfululizo mshahara wote uliingia akaunti ambayo sikuigusa. Kodi, chakula, nauli, hela ya mama, vyote vililipwa na faida ya biashara. Nilichagua Februari, Machi na Aprili makusudi, kwa sababu ni miezi migumu kwangu.

Uzuri wake ni kwamba ukishindwa, hujapoteza kitu. Kazi ipo, mshahara upo benki. Ukiweza, umejua biashara inakubeba, na una akiba ya mishahara mitatu ya kuanzia. Kama huwezi kuishi kwa biashara wakati mshahara bado unaingia, hutaweza ukiwa haupo.

6. HESABU PIA KAZI INAKUKOSESHA NINI

Tusiwe upande mmoja. Kuna wakati kubaki ndiyo hasara. Weka ukurasa wa "nimekosa". Kila mteja aliyepiga saa nne asubuhi ukashindwa kupokea akanunua kwingine, andika. Kila mzigo mzuri uliofunguliwa sokoni asubuhi wewe ukiwa ofisini, andika makadirio ya faida yake. Usiandike kwa hasira za bosi, andika kwa shilingi.

Kwangu mimi ukurasa huo ndio ulioamua. Mwezi wa mwisho wa jaribio langu, nilichokosa kwa kukaa ofisini kilikuwa kimekaribia mshahara wenyewe, na nilichopata kilikuwa kimeshanilisha miezi mitatu. Hapo niliandika barua, na sikuhitaji mtu wa kunitia moyo.

7. UKIONDOKA, ONDOKA VIZURI

Soma mkataba wako, hasa kama ni wa muda maalumu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Usipotee tu kazini. Omba cheti cha utumishi, ni haki yako, na huwezi kujua kesho. Yale malipo ya siku saba kwa kila mwaka uliofanya kazi yamewekwa kwa ajili ya anayeachishwa na mwajiri, kwa hiyo ukiacha mwenyewe usiyaweke kwenye mtaji. NSSF nenda ofisini kwao uulize namna ya kuendelea kuchangia ukiwa umejiajiri, mpango huo upo. Na TIN chukua mapema, kuipata ni bure.

Kuna mtu ataniambia "waliofanikiwa waliruka". Wengine ndiyo. Lakini mtazame mzee wetu wa Machame, marehemu Reginald Mengi. Alikuwa mhasibu wa Coopers & Lybrand, akapanda mpaka kuwa mwenyekiti wa kampuni hiyo hapa nchini. Biashara ya kuunganisha kalamu aliianzia nyumbani kwake miaka ya 1980 akiwa bado na kazi yake, na kazi aliiacha mwaka 1989. Alipotoka, biashara ilikuwa imeshasimama. Na huyo alikuwa na mshahara mkubwa kuliko wetu.

Wazee wa mgombani nao walilijua hili. Kihamba kina kahawa chini ya migomba. Kahawa inachukua kama miaka mitatu ndiyo ianze kuzaa, na hela yake inakuja kwa msimu. Ndizi zinalisha nyumba mwaka mzima. Ukifyeka migomba yote ili upande kahawa tupu, utakula nini hiyo miaka mitatu?

Basi mwenzangu alifanyaje? Hakufurahi, nisiwadanganye. Alikuwa ameshawatangazia watu kwamba anaacha. Alikaa siku mbili hajibu meseji zangu. Siku ya tatu alikwenda kwa mwajiri akaomba mkataba wa miezi sita badala ya mwaka, wakakubali, akasaini. Mshahara sasa unaingia akaunti asiyoigusa. Madeni ya ofisini ameyafunga, hakopeshi tena. Mwezi wa kwanza biashara ilimlisha kwa shida, wa pili ilimwangusha wiki ya mwisho ikabidi achote 60,000 kwenye mshahara. Ameiandika. Bado anataka kuacha, na mimi naamini ataacha, ila sasa anajua ni kiasi gani kinapungua: elfu sitini, na bima ya mama.

Kujua kiasi kinachopungua kunasaidia kuliko kujiambia "nina ndoto". Elfu sitini unaweza kuitafuta. Unaweza kuongeza oda tano, kupunguza safari za boda kwa kukusanya mizigo ya njia moja, au kukataa nguo zinazoganda.

KAZI YA LEO: chukua daftari, gawa kurasa nne. Moja, faida ya kweli baada ya kutoa kila kitu. Mbili, vyote kazi inavyokulipa, pamoja na NSSF na bima. Tatu, wateja uliowapata kupitia kazi. Nne, ulichokosa kwa kuwa kazini. Jaza mwezi mmoja bila kujidanganya, kisha anza jaribio la miezi mitatu. Ukimaliza, barua utaiandika kwa mkono usiotetemeka, au utarudi ofisini Jumatatu ukijua unafuata nini.

Biashara njema wadau.