Kuketi Kabla ya Kujenga

Soma: Luka 14:28–30

Ndugu wanakikundi, katika somo hili Bwana Yesu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara. Kwanza huketi akapiga hesabu, asije akakwama kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Sisi tunaosomea usanifu majengo tunaona kazi yetu imo katika neno hilo: kuketi. Msanifu huketi na wenye nyumba kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Safari ya kuwa msanifu

Chuo Kikuu cha Nairobi au kile cha Jomo Kenyatta, Juja, masomo huchukua kama miaka 6. Halafu bado! Sheria ya Kenya, Sura ya 525, haimruhusu mtu kujiita msanifu majengo mpaka afanye kazi chini ya mwenye uzoefu, apite mtihani na kusajiliwa na Bodi.

Akishasajiliwa, njia ni nyingi. Kuna ofisi za mjini, serikali ya kaunti, kufundisha, au kusimamia ujenzi. Wazazi waliouza ng'ombe kulipa karo wanataka kuona matunda, na matunda yako mjini. Lakini zahanati, madarasa ya chekechea na maghala ya nafaka yanajengwa vijijini. Basi tunajiuliza: nani ataketi na akina mama waliochanga shilingi 50 kila wiki?

"Fundi wetu anajua, ramani ni ya nini?"

Maneno haya tunayasikia sana. Ni kweli, fundi mzuri ni hazina, na mwiko wake una elimu ambayo hatufundishwi darasani. Lakini ramani humsaidia fundi pia. Tazameni mambo matatu:

1. Jua. Kwetu Kenya jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi, karibu juu ya vichwa vyetu. Kuta ndefu na madirisha zikitazama kaskazini na kusini, darasa hupoa. Haigharimu hata senti moja zaidi, mradi iamuliwe kabla ya kuchimba msingi.

2. Mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 1,000. Nyingine hupotea, lakini ukiweka mifereji na tangi, akina mama hupumzika kwenda mtoni.

3. Usalama. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, nyumba ya ghorofa iliyokuwa karibu na mto ilianguka Huruma, Nairobi, mvua kubwa ikinyesha. Watu wapatao 50 walikufa. Mahali pa kujenga ni uamuzi wa kwanza, na huo haurekebishwi kwa simiti.

Tufanyeje?

Kikundi kimoja hakiwezi kumlipa msanifu. Vikundi vinne au vitano vya parokia moja vinaweza, kama wote wanataka darasa la namna moja. Ramani ni moja, gharama inagawanywa. Pia mwanafunzi akija likizo, mwiteni apime kiwanja na kuchora mawazo yenu. Lakini angalieni: mchoro wa mwanafunzi si ramani ya kujengea. Lazima aliyesajiliwa aukague na kaunti itoe idhini. Mwanafunzi anayekataa kuwaambia hivyo, msimwamini.

Na sisi tunaosoma, ukweli ni huu: mkate tunauhitaji, lakini taaluma isiyofika kijijini ni taa iliyowekwa chini ya kitanda.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kuna jengo la harambee lililokwama kwenu? Lilikwama kwa fedha, au kwa kukosa kuketi?
2. Katika jengo mnalopanga, nani hajaulizwa maoni yake? Watoto? Walemavu? Wazee?
3. Kijana wenu akirudi kutoka chuo, mna kazi gani ya kumpa, na mtamlipa nini?

Zoezi: Kabla ya mkutano ujao, simameni kwenye kiwanja asubuhi na jioni. Wekeni alama jua linapoingia na maji ya mvua yanapopita.