Kutu ya Manifoldi: Jinsi ya Kuiondoa kwa Fedha Kidogo

Mtu anunuapo motokaa iliyokwisha kutumika, jambo la kwanza alifanyalo ni kufungua boneti na kutazama injini. Mara nyingi kinachomchukiza macho ni kile chuma kizito chenye matawi kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho kazi yake ni kupokea moshi utokao katika kila silinda na kuukusanya uingie katika bomba moja la ekzosi. Mafundi hukiita manifoldi. Injini nzima yaweza kuwa imeoshwa ikang'aa, na manifoldi ikabaki nyekundu kama udongo wa Kiambu. Mwenye gari huona haya. Naye akitaka kuliuza, mnunuzi huionyesha kidole kutu ile na kushusha bei.

Kutu hiyo isimtie mtu hofu bure. Manifoldi nyingi, hasa za magari ya zamani, zimeundwa kwa chuma cha kusubu, ambacho unene wake ni milimita kadhaa. Rangi ya kawaida haiwezi kustahimili joto lake, kwa hiyo viwanda vingi viliiacha tupu bila rangi yoyote. Kila siku chuma hicho hupata moto mkali, kisha usiku hupoa na kupata umande, na hewa huikamilisha kazi. Katika mji kama Mombasa, ambako upepo wa bahari huleta chumvi, kutu huja upesi zaidi kuliko Nairobi. Walakini kutu hii ya nje ni ngozi tu. Bomba na sailensa, ambazo ni za bati jembamba, ndizo zinazooza mapema, tena huoza kutoka ndani. Maana lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji, na gari lisilokwenda ila safari fupi fupi halipati moto wa kutosha wa kuukausha.

Basi kabla ya kununua rangi, imempasa mwenye gari kutafuta ufa. Jambo hili ni kubwa kuliko uzuri wote. Ndani ya moshi wa petroli mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ishikamanavyo nayo. Manifoldi ikiwa na ufa, au gasketi yake ikiwa imeungua, gesi hiyo huweza kupenya katika matundu ya ukuta wa mbele na kuingia walipoketi abiria. Dereva huanza kuumwa na kichwa, kisha hupata kizunguzungu na kichefuchefu, naye hudhani ni uchovu wa safari au njaa. Madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi au mvua, watu huweza kupoteza fahamu na hata kufa. Kwa sababu hiyo, mtu apakaye rangi juu ya ufa ili auze gari lake hana tofauti na mtu auzaye nyama mbovu.

Ufa una dalili zake. Injini ikiwashwa asubuhi ingali baridi, husikika mlio mwepesi wa tik, tik, tik, ufuatao mwendo wa injini. Baadaye chuma kikipata moto na kutanuka, mlio hupungua au hunyamaza kabisa, na mwenye gari husahau. Tena penye mwanya huonekana masizi meusi yaliyojichora juu ya kutu. Ikiwa shaka ingalipo, na paletwe maji ya sabuni katika kikombe. Mtu mmoja huyapaka juu ya manifoldi na maungio yake wakati injini ingali baridi, na mwenzake huiwasha na kuufinya mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu. Palipo na mwanya patatoa mapovu.

Gasketi mbovu hubadilishwa kwa bei ndogo. Ufa wa chuma ni habari nyingine. Chuma cha kusubu hakiungwi kama bati: chataka kupashwa moto kwanza, kuungwa kwa fito zenye nikeli, na kupozwa pole pole, la sivyo hupasuka tena kando ya pale pale palipoungwa. Fundi aijuaye kazi hiyo si wa kila pembe ya barabara. Mara nyingi ni nafuu kutafuta manifoldi iliyotumika katika maduka ya vipuri, kama yale ya barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wengi wangali wakiiita Grogan.

KUSAFISHA

Wako watu watakaoshauri kuifungua manifoldi ili isafishwe vizuri. Ushauri huo una ukweli, maana chuma kilichofunguliwa huweza kulazwa katika siki usiku kucha, nayo siki ikala kutu hata pembeni pasipofikiwa na brashi. Lakini bolti zilizokaa miaka mingi katika joto lile huwa zimeshikana na kichwa cha injini, na moja ikikatika ndani, gharama ya kuitoa kwa kuitoboa hupita bei ya rangi mara nyingi. Katika Land Rover za petroli zenye injini ya lita 2.25, zilizoanza kutengenezwa mwaka wa 1958, manifoldi ya kuingizia petroli na ile ya kutolea moshi zimefungwa pamoja upande mmoja wa injini, hata kuigusa moja ni kuigusa ya pili. Mtu mwenye fedha kidogo na aisafishe pale pale ilipo.

Injini iwe baridi kabisa. Waya wa betri ufunguliwe, na kabureta, waya na mipira iliyo karibu ifunikwe kwa karatasi au nailoni, ili vumbi la chuma lisiingie. Kisha brashi ya waya ifanye kazi yake. Yatosha ile ya mkono, ingawa mkono utachoka. Msasa mbaya hufuata, na penye pembe hutumika bisibisi kuukuu. Miwani ya kukinga macho na kitambaa cha pua si vitu vya anasa katika kazi hii. Pembeni panapoonekana gasketi pasiguswe kwa brashi kavu, kwa kuwa gasketi nyingi za magari ya zamani zilitiwa asbestosi, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Hapana haja ya kukitafuta chuma cheupe. Yatosha kuondoa magamba yote na unga wote mwekundu, ibaki rangi ya kijivu iliyoiva yenye madoa hapa na pale.

Mwisho manifoldi ifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti au tina, tena na tena, mpaka kitambaa kitoke hakina weusi. Rangi haishiki penye mafuta. Petroli isitumike: huacha utando wake, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Wako pia watu wanaomwagia kutu maji ya betri. Tindikali hiyo huchoma ngozi na macho, huharibu vyuma vya jirani, na isipooshwa yote huzaa kutu mpya.

KUPAKA RANGI

Rangi ya nyumba au ya bodi ya gari itavimba na kuungua siku ya kwanza. Inayotakiwa ni rangi ya joto kali, ambayo huandikwa juu ya kopo lake kuwa yastahimili digrii 600 au 650 za Sentigredi. Kopo moja la kupuliza la mililita 400 latosha manifoldi ya silinda nne. Rangi ya kwanza ya kawaida isitangulizwe chini yake, kwa sababu itaungua na kuibandua ile ya juu. Wala dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi, ambazo husifiwa sana madukani, hazifai hapa, kwani nyingi hazikuundwa kwa joto kama hilo.

Ipakwe tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikiachwa ikauke. Tabaka nene hububujika. Vijana hupenda rangi ya fedha, lakini hiyo huonyesha kila tone la mafuta. Nyeusi au kijivu cha chuma huficha uchafu, tena huonekana kama kazi ya kiwandani.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi yao kwa haraka. Rangi hii haikomai kwa jua wala kwa upepo. Hukomaa kwa moto uongezwao kidogo kidogo. Injini huwashwa ikanguruma taratibu kwa dakika 10 hivi, huzimwa mpaka ipoe, huwashwa tena kwa dakika 20, hupozwa, kisha kwa dakika 30. Maagizo ya kopo yakisema vingine, yafuatwe hayo. Moshi wenye harufu mbaya utatoka. Kwa hiyo kazi ifanyike uwanjani, wala si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa ajili ya gesi ile ile iliyotajwa.

Gari lipandapo ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Naivasha kwenda Limuru likiwa na mzigo, manifoldi huweza kuwa nyekundu gizani kama kaa. Hata rangi bora itapauka, na itaanzia pale matawi yanapokutana, ambapo moto ni mwingi kuliko pengine. Hapo kazi yote haianzwi upya: husuguliwa pale tu, hufutwa kwa spiriti, na kupulizwa tabaka mbili. Kwa hiyo rangi iliyosalia isitupwe. Kopo lipinduliwe juu chini na kupulizwa mpaka itoke hewa tupu, ili mdomo wake usizibe, kisha lihifadhiwe mahali pasipo na jua.