Paka Mdogo Anapochafua Nyumba: Mfunze, Usimpige

Mahindi yakiingia stoo, panya nao hawako mbali. Ndiyo sababu familia nyingi za Embu na Meru huomba paka mdogo kwa jirani baada ya mavuno. Shida huanza siku ya pili au ya tatu: kochi linanuka mkojo, kuna kinyesi nyuma ya mlango, na mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai yamefukuliwa. Wengine humsugua paka pua kwenye uchafu wake, wengine humchapa, na wengine humtia guniani wakamtupe sokoni. Somo hili linaeleza njia iliyo bora, na kwa nini jambo hili linagusa pia afya ya mama mjamzito.

Kwa nini anachafua

Paka aliye chini ya wiki 3 hawezi kujisaidia peke yake. Mama yake humlamba ili mkojo na kinyesi vitoke. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4, yeye mwenyewe huanza kutafuta mahali pakavu panapofukulika, ajisaidie na kufukia. Asipopewa mahali hapo, atachagua jivu la jikoni, rundo la nguo au mahindi yako. Ni vyema asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, kwani mengi hujifunza kwake.

Kumpiga hakumfundishi. Hawezi kuunganisha kiboko cha sasa na mkojo wa nusu saa iliyopita. Atakachojifunza ni kukuogopa na kujisaidia mafichoni, chini ya kitanda, ambako utaugundua uchafu baada ya wiki nzima. Tena, ukatili kwa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Mtengenezee choo

1. Tafuta beseni kuukuu, au kata mtungi wa plastiki wa lita 20 kwa urefu. Kingo ziwe fupi, zisizidi upana wa kiganja, ili aweze kuingia.
2. Tia mchanga mkavu, udongo mkavu au vumbi la mbao kutoka kwa seremala, kina cha vidole vitatu. Usitumie mbao zilizotiwa dawa. Usijaze jivu tupu. Likilowa linaweza kuchoma nyayo zake.
3. Weka choo kwenye kona tulivu, mbali na chakula chake. Paka hapendi kujisaidia anapolia.
4. Mpeleke hapo kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Akifaulu, msifu au mpe kipande kidogo cha chakula.
5. Kwa siku chache za kwanza, mweke kwenye chumba kimoja chenye choo chake. Akizoea, mfungulie nyumba polepole.

Kusafisha palipochafuliwa

Paka hurudi pale anaponusa mkojo wake, hata kama pua yako hainusi chochote. Kausha mkojo kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji. Baadhi ya sabuni za unga za kufulia zina vimeng'enya vinavyovunja uchafu wa aina hii, soma pakiti. Foronya za kochi zivue, zifue na uzianike juani. Kwenye sakafu ya udongo, kwangua tabaka lililolowa, litupe, ujaze udongo mkavu na kushindilia.

Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo. Vikichanganyika hutoa hewa inayoumiza mapafu.

Mama mjamzito na watoto

Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho na ubongo. Hilo si sababu ya kumfukuza paka. Mayai ya vimelea hivyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hivyo kinyesi kinachoondolewa kila siku hakipati muda huo.

Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, si mama mjamzito. Ikiwa hakuna mwingine, avae glavu na kunawa mikono kwa sabuni. Fukia kinyesi mbali na shamba la mboga na mahali pa kuteka maji, na suuza beseni kwa maji yanayochemka. Osha vizuri sukuma wiki ya shambani na pika nyama hadi iive, kwa kuwa vimelea hivi hupitia huko pia.

Anapokuwa mgonjwa

Si kila uchafu ni suala la mafunzo. Hapa kwetu kwenye ng'ombe wa maziwa, paka mdogo hupewa maziwa kila siku, na paka wengi huharishwa nayo. Akishaachishwa kunyonya, mpe maji safi na chakula chenye nyama au omena. Mpe dawa ya minyoo kulingana na uzito wake, na akifikisha miezi 3 achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Usimpe paracetamol kamwe, humuua.

Mwone afisa wa mifugo ukiona damu, kuharisha kusikokoma, au paka anayejikamua bila mkojo kutoka. Hali hii ya mwisho ni ya dharura, hasa kwa paka dume, usingoje kesho.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka huduma za mifugo mikononi mwa kaunti. Hivyo usione haya kufika katika ofisi ya mifugo ya wadi yako kwa sababu ya paka. Mjamzito mwenye wasiwasi naye aulize kliniki anakohudhuria.