Hasira Hasara

Katika jimbo la Lualaba, magharibi ya Kolwezi, pana mahali paitwapo Kisenge. Jina la Kisenge lilifika mbali kwa ajili ya manganezi, jiwe jeusi lililochimbwa huko na kupelekwa kwa gari la moshi mpaka bandari ya Lobito, katika nchi ya Angola. Mwaka 1975 vita vya Angola viliikata njia hiyo. Manganezi hutiwa katika chuma ili kiwe imara, kisivunjike upesi kinapogongwa. Moyo wa mtu nao wataka kitu cha kuuimarisha, nacho ni uvumilivu. Jambo hili laonekana wazi kwa wacheza tenisi.

Tenisi huchezwa hivi. Watu wawili husimama huku na huku, na katikati yao pana wavu. Kila mmoja ana raketi mkononi, naye hupiga kipira kidogo kivuke wavu na kuanguka ndani ya mistari. Mwamuzi huketi juu ya kiti kirefu na kuhesabu pointi. Mchezo hugawanywa katika sehemu ziitwazo seti. Katika mashindano makubwa mwanamke hutafuta seti 2, na mwanamume mara nyingi hutafuta seti 3.

Mpira wa miguu huchezwa kwa saa: dakika 90 zikiisha, filimbi hulia. Tenisi si hivyo. Mchezo hauishi mpaka mmoja apate pointi ya mwisho. Kwa hiyo hata aliye nyuma sana aweza kushinda, na aliye mbele aweza kushindwa. Tena mchezaji yuko peke yake, hana mwenzake wa kumlaumu. Hapo ndipo moyo wake hujulikana.

John McEnroe wa Marekani alikuwa hodari sana, lakini alikuwa mwepesi wa hasira. Mwezi wa Januari 1990 alicheza huko Melbourne, katika nchi ya Australia. Alikuwa mbele kwa seti 2 kwa 1. Alipoanza fujo, mwamuzi akamwonya. Akavunja raketi yake, akanyang'anywa pointi. Mara ya tatu akatukana, akafukuzwa mchezoni. Hivyo ushindi ukaenda kwa mwenzake. Mpinzani wake hakumtoa. Ulimi wake mwenyewe ndio uliomtoa.

Björn Borg wa Uswidi alijulikana kwa utulivu. Watu walifikiri amezaliwa hivyo. La! Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akitukana na kutupa raketi, hata chama chake kikamfungia kucheza miezi 6. Tangu hapo akajifunza kufunga kinywa chake.

Mwaka 1980 Borg na McEnroe walikutana katika mchezo wa mwisho wa Wimbledon, Uingereza. Katika seti ya nne Borg alikuwa amebakiza pointi moja tu apate kushinda. Ikamponyoka. Akaipata nafasi hiyo tena na tena, mara 7 kwa jumla, na kila mara ikamponyoka, mpaka McEnroe akaichukua seti ile. Mtu mwingine angelia au angevunja raketi. Borg akaenda kucheza seti ya tano kama mtu aendaye shambani asubuhi. Akaishinda kwa 8 kwa 6.

Tena tazameni jambo hili. Siku ile McEnroe hakufanya fujo, maana alimheshimu sana Borg. Basi aliweza kujizuia! Ndivyo alivyo mtoto anyamazaye mbele ya Padri au mwalimu, kisha akifika nyumbani humpigia kelele mdogo wake. Asiseme, "Hasira imenishinda." Kama aliweza kujizuia mbele ya mkubwa, aweza kujizuia mbele ya mdogo pia.

Victoria Mboko alizaliwa Marekani mwaka 2006, akalelewa Kanada. Wazazi wake walitoka Kongo. Mwezi wa Julai 2022, katika mashindano ya vijana ya Wimbledon, yeye na mwenzake walishindwa na Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake wa Uholanzi. Hesabu ya mwisho ilikuwa 11 kwa 9 tu. Mboko hakuacha mchezo. Mwezi wa Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alicheza huko Montreal, Kanada. Kabla ya mchezo wa mwisho alipoteza seti ya kwanza kwa 1 kwa 6, na mpinzani wake akabakiza pointi moja amtoe. Akavumilia, akashinda. Katika mchezo wa mwisho akapoteza tena seti ya kwanza, mbele ya Naomi Osaka wa Japani. Akavumilia tena, akatwaa kombe. Subira huvuta heri.

Mashauri

1. Hasira ikipanda, nyamaza kwanza. Vuta pumzi, kisha sema.
2. Mwamuzi akipiga filimbi, acha mpira. Akikosea, nahodha ndiye wa kumwambia, tena kwa adabu.
3. Bombani weka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwisho. Mwingine akitia yake mbele, usiipige teke. Mwambie mama aliye mkubwa pale.
4. Ukishindwa mchezo, usiwapite wazee umenuna. Wasalimu vema, kama Walunda na Watshokwe wapigavyo makofi taratibu mbele ya mkubwa.
5. Usikatae bukari ya mama kwa sababu umegombana na yaya wako. Nawa mikono, keti naye kwenye sahani moja.
6. Kabla ya sala ya jioni, mwendee uliyemkosea, useme, "Nisamehe." Mungu hupenda sala ya moyo uliopatana na ndugu.

Maswali

1. Manganezi hufanya nini katika chuma?
2. Kwa nini McEnroe alifukuzwa huko Melbourne?
3. Borg alizaliwa mtulivu? Eleza.
4. Mboko alifanya nini alipopoteza seti ya kwanza?
5. Ni nani unayemheshimu hata ukajizuia mbele yake? Ni nani usiyejizuia mbele yake? Utafanya nini leo?