SOMO LA FAMILIA: TUTOKE KWENYE DENI, TULINDE KADI ZETU

Somo la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa sauti ya chini: deni. Tuna deni la dukani, deni la mkopeshaji, na deni la mkopo wa simu. Tena wako ndugu zetu waliokwenda ng'ambo ambao nao wana deni la kadi, na mara nyingine deni hilo limetokana na pesa walizotutumia sisi. Tuyaangalie mambo haya moja baada ya lingine, kisha tuone njia ya kutoka.

Kwanza tuseme wazi: kukopa kwa sababu ya njaa si aibu wala si dhambi. Hapa Uganda mgao wetu umepunguzwa mara nyingi. Mwaka 2020 ulishuka hadi asilimia 70, na mwaka 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa katika makundi, na kundi lililohesabiwa kuwa linajiweza likaondolewa. Mwezi Mei 2025 watu karibu milioni moja waliacha kupewa chakula. Mama mwenye watoto watano akikopa unga wakati kama huo, hatumhukumu. Lakini kupungua huko kunatufundisha jambo moja: anayekopa leo akitegemea mgao wa mwezi ujao, anakopa juu ya kitu ambacho si chake bado, na ambacho kinaweza kukatwa bila yeye kuulizwa.

1. NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI?

Someni Nehemia sura ya 5. Watu wa Yerusalemu walikuwa na njaa. Wengine waliweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme, hata watoto wao wakawa watumwa. Nehemia aliposikia alikasirika, lakini hakuwakasirikia waliokopa. Aliwakasirikia wakubwa waliokuwa wakiwatoza ndugu zao. Akasema kwamba hata yeye na watu wake wamekopesha, na akataka wote waache kutoza na kurudisha walichochukua.

Someni pia Kumbukumbu la Torati 24:6. Mkopeshaji alikatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu nyumba isiyo na jiwe la kusagia haili. Leo jiwe letu la kusagia ni lipi? Kwa familia nyingi za hapa ni kadi ya chakula, au kadi ya benki inayopokea pesa za mgao. Kwa fundi ni cherehani, na kwa mkulima ni jembe. Vitu hivi visiwekwe rehani, na mkristo asivipokee kuwa rehani.

2. DENI LA DUKANI

Deni hili huanza kidogo: sabuni, mafuta, kilo mbili za unga. Muuzaji anaandika katika daftari lake. Mwisho wa mwezi tunafika kulipa, na hesabu imekuwa kubwa kuliko tulivyofikiri. Sababu ni mbili. Ya kwanza, bidhaa ya mkopo mara nyingi ina bei yake. Tuseme kilo ya maharage kwa pesa taslimu ni shilingi 3,000, na kwa mkopo ni 3,500. Kwa kilo kumi kwa mwezi tumepoteza 5,000, na kwa mwaka 60,000. Hiyo inaweza kununua madaftari na kalamu za watoto. Ya pili, daftari ni moja tu, na liko mikononi mwa muuzaji. Tukisahau, hatuna pa kuangalia.

Dawa yake ni rahisi. Kila nyumba iwe na daftari lake. Kila tunapokopa, tuandike tarehe, kitu na bei, na muuzaji atie alama. Muuzaji mwaminifu atafurahi, maana daftari mbili humwondolea ugomvi.

Jambo baya zaidi ni kumwachia muuzaji kadi na namba ya siri. Mwenye kadi na namba ndiye mwenye mgao. Atachukua kwanza chake, kisha atatuambia kimebaki kiasi gani. Tena, kwa kuwa kadi iko kwake, hatuwezi kwenda duka lingine lenye bei nafuu. Ndiyo maana tunasema: deni lolote tutakalokuwa nalo, kadi ilale nyumbani.

3. DENI LA MKOPESHAJI NA LA SIMU

Hapa tupige hesabu pamoja. Mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi anapeleka 20,000, anashukuru kwamba hajadharauliwa, anarudi nyumbani. Baada ya miezi sita ametoa 120,000. Anadaiwa kiasi gani? Bado 100,000 ile ile. Alikuwa analipa riba tu, deni lenyewe hajaligusa.

Kama angejibana akapeleka 40,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza deni lingebaki 80,000, wa pili 56,000, wa tatu 27,200. Mwezi wa nne angemaliza kwa 32,640. Jumla angetoa 152,640 na kuwa huru. Tunajua 40,000 ni ngumu kupatikana. Lakini hata 25,000 badala ya 20,000 huanza kulipunguza deni. Siri ni kulipa zaidi ya riba, hata kidogo.

Mkopo wa simu huja haraka, nao una hesabu yake. Asilimia 9 kwa siku 30 huonekana ndogo. Lakini mtu akikopa, akalipa, akakopa tena kila mwezi, kwa mwaka anakuwa ametoa zaidi ya pesa aliyokopa kwa ada peke yake: mara 12 kwa asilimia 9 ni asilimia 108. Kabla ya kubonyeza, tuulize: nitarudisha shilingi ngapi, na tarehe gani? Na kwa mkopeshaji wa mtaani tuulize kama ana leseni, kwa sababu sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamtaka awe nayo.

4. KADI YA NDUGU ZETU WALIO NG'AMBO

Wengi wetu tuna kaka, dada au mtoto aliyepokelewa Marekani kabla ya mpango huo kusimamishwa Januari 2025. Tunapompigia simu kumwomba msaada, tunafikiri kule pesa ni nyingi. Ni vema tujue maisha yake yalivyo.

Kwanza, alifika na deni tayari. Tiketi ya ndege aliyosafiria ilikuwa mkopo wa shirika la IOM, ambao aliutilia sahihi kabla ya kuondoka. Hauna riba, lakini baada ya miezi kama sita huanza kulipwa kila mwezi, na familia kubwa ina tiketi nyingi.

Pili, kule watu hutumia kadi ya mkopo. Kadi hii si sawa na kadi ya kutolea pesa zako benki. Ukinunua nayo, benki ndiyo imelipa, na wewe umekopa. Kila mwezi huja hesabu. Ukilipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida hutozwi riba ya manunuzi, na sheria inataka hesabu itumwe walau siku 21 kabla ya tarehe hiyo. Lakini hesabu huonyesha pia kiasi kidogo kinachokubaliwa, tuseme dola 25. Hapo ndipo mtego ulipo, maana ukilipa hicho kidogo riba inaendelea.

Tuchukue deni la dola 500 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni dola 10. Akilipa 25, deni limepungua 15 tu. Akiendelea hivyo, na bila kununua kitu kingine, atalipa kwa miezi 26, na riba itakuwa karibu dola 145. Akilipa 50 kila mwezi, atamaliza kwa miezi 12, na riba itakuwa kama dola 63.

Tatu, na hili linatugusa sisi: akitoa pesa taslimu kwa kadi hiyo ili atutumie, kwa kawaida hutozwa ada papo hapo, riba huanza siku ile ile, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya manunuzi. Akichelewa kulipa, huandikwa katika historia yake ya mikopo, na alama hiyo inaweza kukaa miaka saba. Wenye nyumba za kupanga huiangalia historia hiyo. Basi pesa ya sherehe yetu hapa inaweza kumfanya yeye akose nyumba kule.

Kwa hiyo tunapoomba, tuseme ukweli wa haja yetu, na tumwulize: "Ndugu, hii inatoka kwenye mshahara au kwenye kadi?" Akisema kadi, tumwambie asitume, isipokuwa ni suala la uhai. Na ninyi mnaosomewa somo hili kwa simu mkiwa mbali, tunawasihi: lipeni hesabu yote kila mwezi, msitoe pesa taslimu kwa kadi, msifungue kadi ya pili kulipa ya kwanza bila kuuliza masharti, na mkizidiwa, tafuteni washauri wa madeni wasiofanya kwa faida, mapema, kabla ya kuacha kupokea simu.

5. NJIA YA KUTOKA

a) Baba na mama wakae pamoja. Deni lililofichwa ndani ya ndoa huvunja mengi. Waandike kila deni: kwa nani, kiasi, riba, tarehe.

b) Waache kuongeza. Mtumbwi unaovuja huzibwa kwanza, ndipo maji hutolewa.

c) Kadi irudi nyumbani. Waende kwa aliyeishika pamoja na mzee wa kanisa au kiongozi wa mtaa, wakubaliane kwa maandishi kulipa kidogo kidogo. Kadi ikirudi, wabadilishe namba ya siri.

d) Waanze na deni lenye riba kubwa, huku mengine wakiyalipa kiasi kilichokubaliwa. Kama yote yana riba sawa, waanze na dogo, wapate moyo.

e) Wasimkimbie mdai. Anayepita njia ya nyuma huongeza hasira. Anayekuja na shilingi 5,000 na neno la kweli huaminiwa.

f) Wajiunge na kikundi cha kuweka na kukopa. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, na leo imeenea Afrika nzima. Watu 15 hadi 25 wanaojuana hununua hisa kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kuna mfuko wa dharura kwa ugonjwa na msiba. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 hadi 12, akiba na faida hugawanywa. Hapa pia kuna riba, lakini inarudi kwa wanachama wenyewe.

Kumbukeni mjane wa 2 Wafalme 4:1-7, ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha alimwuliza ana kitu gani nyumbani, na kilikuwako chupa ya mafuta tu. Mafuta yalipoongezeka aliambiwa ayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyobaki. Angalieni mpangilio: kulipa kwanza, kisha kuishi kwa kilichobaki. Na majirani walimwazima vyombo bila kumtoza. Je, sisi tu majirani wa namna hiyo?

6. NENO KWA WANAOKOPESHA

Wako kati yetu wenye maduka na wenye pesa ya kukopesha. Tunajua nanyi mna hasara, tena mnanunua bidhaa kwa deni huko mjini. Hatusemi mkopeshe bure hadi duka lifungwe. Tunasema: rudisheni kadi za watu, waandikieni karatasi, semeni bei ya mkopo waziwazi, na ndugu aliyepatwa na msiba mpeni muda. Kumbukumbu la Torati 24:10-11 humwagiza mkopeshaji asimame nje, asiingie nyumba ya mwenzake kuchukua rehani. Hata mwenye deni ana heshima yake mlangoni pake.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Kadi zetu ziko wapi usiku wa leo, na nani anajua namba ya siri?
2. Tunadaiwa kiasi gani kwa jumla, na deni gani linatula zaidi?
3. Ni kitu gani tunachonunua kwa mkopo ambacho tungeweza kukingojea?
4. Mara ya mwisho tulipoomba msaada ng'ambo, tuliuliza pesa inatoka wapi?
5. Kikundi chetu kinaweza kumsaidia nani mwezi huu akomboe kadi yake?

Bwana atuongezee hekima, na kila nyumba yetu ipate siku ya kufuta mstari wa mwisho katika daftari lake. Amina.