Boliti Iliyokazwa na Maji: Mafunzo Niliyopata Lushoto

Datsun 240Z ilijipatia jina Afrika Mashariki kwenye matope na vumbi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally ya 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda na gari la aina hiyohiyo baada ya kufungana pointi na Harry Källström, aliyekuwa ndani ya Datsun ya aina nyingine. Gari ninalolizungumzia hapa halikuwahi kushindana na yeyote. Ni la shemeji yangu, limelala miaka chini ya turubai upande wa Magamba, na alipotaka litembee tena kazi ya kwanza ilikuwa kutoa kasha la thamostati lililofungwa mbele ya silinda hedi. Boliti mbili ziligoma. Mengi ya yafuatayo nimeyapata kwa fundi mzee wa pale mjini, ambaye huanza kazi kwa kulitazama gari muda mrefu akiwa na kikombe cha chai mkononi.

1. Kabla ya kulaumu boliti, uliza gari lilinyweshwa nini.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, na ndani yake unapanda karibu mita 1,000. Injini ya zamani ikipanda hapo na jua la mchana, rejeta ikiwa imeziba, itachemsha kabla hujaona maporomoko ya Soni. Dawa ya njiani inajulikana: ng'oa thamostati, tupa, jaza maji ya mtoni, twende. Sasa hedi ya 240Z ni ya alumini, kasha nalo ni la alumini, na boliti ni za chuma. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji yasiyo na kulanti, umeme mdogo hupita kati yake na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaobaki huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo hujibana kati ya boliti na tundu lake. Hakuna fundi aliyezikaza boliti zile kiasi hicho. Zilikazwa na maji, mwaka baada ya mwaka.

(Na kwa wanaoamini kwamba thamostati ndiyo huchemsha gari: kwenye mita 1,400 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 tu. Mfuniko wa rejeta unaoshika presha ndio unaozuia hilo, na mifuniko mingi niliyoiona imelegea kama ya chupa ya soda iliyokwisha kunywewa.)

2. Jua imeshikwa wapi.

Mimi nilidhani ni kwenye nyuzi. Fundi alinionyesha kwamba boliti hizi ni ndefu, na shina lake hupita ndani ya kasha kabla ya kufikia nyuzi za hedi. Unga umejaa kwenye shina. Aliweka spana ya ringi, akasukuma kidogo, kichwa kikazunguka kama kimekubali, kisha alipoachia kikarudi kilikotoka.

“Umeona?” akasema. “Hiyo haijafunguka, mwanangu. Inajipinda. Ukiongeza nguvu utabaki na kichwa mkononi.”

3. Mafuta ya kupenyeza yanataka muda na nyundo.

Dizeli, mafuta ya breki, ya kopo la kupuliza, kila gereji ina yake. Tofauti yao ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. Yapake jioni, gonga kichwa cha boliti mara nyingi kwa nyundo ndogo ili mtikisiko ufungue nyufa kwenye unga, yapake tena, kalale.

4. Pasha moto kinachoshika. Usipashe kinachoshikwa.

Hapa ndipo wengi hupotea. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha kasha, tundu linapanuka kuliko boliti na unga unapasuka. Ukipasha boliti, unaizidishia unene ndani ya tundu lilelile, ingawa ikipoa tena husinyaa na huenda ikasaidia kidogo.

Tatizo la alumini ni kwamba haikuonyi. Chuma huwa chekundu, lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 660 bila kubadilika rangi ya kutosha kuonekana mchana. Mzee alichukua kipande cha sabuni ya mche, akachora mstari juu ya kasha, akasogeza moto wa gesi polepole akiuzungusha. Mstari ulipogeuka kahawia ya kahawa iliyokaangwa, akaondoa moto. Sijaona kipimajoto cha bei rahisi kuliko hicho.

Kabla ya yote hayo tulimwaga maji, tukatoa karbureta zote mbili na kuziba mpira wa petroli mbali na injini. Kwenye gari hili karbureta ziko upande uleule wa kasha. Mafuta ya kupenyeza nayo yafutwe, maana yanashika moto.

5. Kaza kwanza.

Kasha likiwa bado la moto, spana ilielekezwa upande wa kukaza, kidogo sana. Kikasikika kitu kikilia. Ndipo ikarudishwa upande wa kufungua, robo, kisha ikakazwa tena, mafuta, robo nyingine. Boliti ya kwanza ilitoka hivyo, shina lake limekondeana katikati.

6. Ikikatika, usikimbilie drili.

Ya pili ilikatika, ikaacha kisiki kifupi nje ya hedi. Drili ikigusa chuma kigumu kilichozungukwa na alumini laini huteleza kwenda kwenye laini, na hapo umeharibu hedi ambayo kuipata nyingine ni kazi ya miezi. Tuliita fundi wa kuchomelea. Aliweka nati juu ya kisiki akajaza weldi katikati. Chuma cha weldi hakishiki kwenye alumini, na joto lake linakwenda moja kwa moja mahali panapotakiwa. Umeme ulikatika akiwa ndiyo kwanza ameanza, tukangoja hadi alasiri. Ulipowaka alimaliza, akaacha nati ipoe hadi ikashikika kwa kitambaa, na kisiki kikatoka kwa spana ya kawaida bila kelele.

7. Boliti mpya ipakwe grisi ya shaba, shina lote, sio nyuzi peke yake.

8. Rudisha thamostati.

Hapa mimi na mzee tuliachana. Kiwanda kilitoa thamostati ya kufunguka kwenye nyuzijoto 82 na nyingine ya 76.5 kwa nchi za joto. Asubuhi za Juni na Julai Lushoto injini isiyo na thamostati haipati joto lake hata ukifika sokoni, inakula petroli na oili inabaki nzito. Nilichagua ya 82, nikaijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto hadi ikafunguka, nikaifunga na kujaza kulanti ya kweli. Mzee alinitazama muda wote huo bila kusema neno.

“Haya,” akasema alipokuwa anafunga boksi lake la spana. “Siku ikikuchemkia pale Soni, usinipigie simu.”